Onyesho la muziki wa asili kwa watoto na familia: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua nyimbo hadi kulipwa

Wasanii wengi wa ngoma, zeze na ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) wananiandikia wakiwa na tatizo lilelile. Walialikwa shuleni au kwenye sherehe ya familia, dakika kumi za mwanzo zikaenda vizuri, kisha watoto wakaanza kusukumana, wengine wakaomba kwenda chooni, mwalimu akainuka kuwatuliza, na onyesho likaisha kwa aibu. Simu ya kualikwa tena haikuja.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: kikundi kimechukua onyesho lake la harusini au la hotelini, kikalipunguza urefu, kikalipeleka kwa watoto. Mtu mzima anaweza kukaa nusu saa akifurahia ufundi wa mkono wako. Mtoto wa miaka sita anataka kazi. Aitikie, apige makofi, abashiri, asimame, akae, anyamaze pamoja na wenzake. Ukimpa kazi mpya kila baada ya dakika mbili tatu, utamaliza naye dakika 45 akiwa bado anataka zaidi.

Mwongozo huu ni wa msanii mmoja au kikundi cha watu wawili hadi wanne. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini hatua ni zilezile kwa mpiga nyatiti wa Kisumu au mpiga inanga wa Bujumbura. Soma wote kwanza, ndipo uanze hatua ya 1.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ala mbili zenye sauti zinazoachana: moja ya mdundo (ngoma), moja ya kubeba wimbo (zeze, ilimba, marimba, filimbi). Ngoma peke yake kwa dakika 45 inachosha masikio madogo.
- Ala za kugawia watoto, 15 hadi 20: kayamba ndogo, manyanga (vibuyu vya kutikisa vyenye mbegu ndani), vijiti vya mbao laini vya urefu wa sentimita 20. Ziwe na kapu lake lenye kifuniko.
- Mikeka au turubai la kukalia, na chaki au kamba ya rangi ya kuweka mpaka.
- Maiki ya kuvaa kichwani na spika ya betri, kama watoto wanazidi 80 au mko uwanjani. Maiki ya mkononi haifai, kwa sababu mikono yako ina kazi.
- Njuga pea moja.
- Daftari, kalamu na saa inayoonekana bila kuinua mkono.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza na maji ya kunywa.
- Nyaraka: usajili wa msanii (Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kwa Tanzania Bara, kwa Zanzibar ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni), namba ya mlipakodi, na kitabu cha risiti au ankara.

Huna haja ya jukwaa, taa wala mavazi ya gharama. Kikundi kinachonunua sare kabla ya kutengeneza kayamba za watoto kimeanzia mwisho.

## Hatua ya 1: Chagua umri, kisha urefu

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: onyesho hili ni la watoto wa umri gani? Darasa la awali, miaka minne hadi sita, huwezi kuwashika zaidi ya dakika 25. Darasa la kwanza hadi la nne wanafika 45. Watoto wa darasa la sita na la saba wanaona haya kuimba mbele ya wenzao, kwa hiyo wape ala na midundo migumu, usiwape makofi ya chekechea. Familia zilizochanganyika zinabeba dakika 45, ilimradi wazazi nao wana kazi.

Onyo: mwalimu mkuu akikuambia shule nzima itakaa uwanjani, watoto 600 kwa mara moja, usikubali haraka. Mbele watu watacheza, nyuma watu watapigana. Omba vipindi viwili siku hiyohiyo, awali hadi la pili kwanza, wakubwa baadaye, na kila kipindi kisizidi watoto 150. Waliobaki wapangiwe siku nyingine.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: dakika ngapi, umri gani, watoto wangapi.

## Hatua ya 2: Chagua nyimbo nane na uzijaribu sauti

Nane zinatosha, na mbili kati ya hizo ni akiba. Kipimo ni kibwagizo. Kiwe na maneno mawili hadi sita, mtoto akikisikia mara mbili akishike. Ubeti unaweza kuwa mrefu kwa sababu huo ni wako.

Wengi wanaogopa nyimbo za lugha za makabila, wakidhani watoto wa mjini watachoka. Nimeona kinyume chake. Kibwagizo cha Kigogo cha silabi nne kinashikwa haraka kuliko ubeti mrefu wa Kiswahili, kwa kuwa mtoto anacheza na sauti zake mdomoni. Mwambie maana kwa sentensi moja, mfundishe matamshi sawasawa, endelea. Wapenzi wa ilimba wanamkumbuka Hukwe Zawose, fundi wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Sikiliza muziki wa kwao Ugogoni: mizunguko mifupi inayojirudia, sauti moja ikiingia juu ya nyingine. Mtoto anaweza kuingia kwenye mzunguko wa namna hiyo wakati wowote bila kupotea. Tafuta nyimbo za umbo hilo katika kabila lako.

Nyimbo za kuacha: za unyago na jando, za matanga, za mafumbo ya wakubwa, na zile za kulitania kabila jingine. Nyimbo za unyago zina mahali pake na wenyewe. Kuzitoa hadharani kwa watoto ni kuwavunjia heshima kina bibi waliozitunza, na mzazi mmoja anayezitambua atasimamisha onyesho. Kama hujui wimbo ulitoka kwenye shughuli gani, nenda kwa mzee wa kwenu umwulize kabla ya kuupanga. Ukikusudia kurekodi na kuuza, pita pia COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) na BASATA, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazigusa sanaa za jadi pia.

Sasa sauti. Hapa ndipo vikundi vya wanaume vinapoanguka bila kujua. Mtoto wa miaka minne hadi minane anaimba kwa raha katika eneo dogo, takriban kuanzia Re iliyo juu ya Do ya kati ya kinanda hadi La inayofuata. Mwanaume akianzisha wimbo pale koo lake linapostarehe, kwa kawaida ni chini mno, na watoto wanabaki wananong'ona au wanapiga kelele bila wimbo. Utadhani wanaona haya, kumbe hawafiki.

Fanya hivi: tumia programu ya kupimia sauti kwenye simu. Mwanamke aanzishe wimbo katika eneo hilohilo la Re hadi La. Mwanaume aimbe oktavu moja chini yake, asishuke zaidi. Watoto watajipandisha wenyewe. Kisha urekebishe ala ifuate. Kwenye ilimba, sogeza vyuma: ukifupisha sehemu inayotetemeka, sauti inapanda. Kwenye zeze, kaza uzi kidogokidogo kwa kigingi.

Dalili ya kufaulu: watoto wawili watatu wa jirani wanaimba kibwagizo bila mishipa ya shingo kuwatoka.

## Hatua ya 3: Panga dakika 45

Huu ndio mpangilio ninaoupendekeza. Badilisha nyimbo, lakini mfuatano wake uuache hivyo mpaka uuzoee.

- Dakika 0–4: kuingia kwa njuga na wimbo wa kwanza.
- 4–10: makofi na kuitikia, wakiwa wamekaa.
- 10–15: ala moja tu inafunuliwa. Imetengenezwa na nini, sauti inatoka wapi.
- 15–24: hadithi yenye wimbo ndani.
- 24–31: ngoma ya kusimama na kucheza.
- 31–35: utulivu, zeze au ilimba peke yake.
- 35–42: ala zinagawiwa, wote wanapiga.
- 42–45: ala zinakusanywa kwa wimbo, kuaga.

Nguvu inapanda, inashuka, inapanda tena. Ukiweka ngoma tatu za kusimama mfululizo, huwezi kuwarudisha chini. Ala za kugawa zinakuja mwishoni kwa sababu mtoto mwenye kayamba mkononi hasikii neno lako tena.

Hadithi ndiyo moyo wa onyesho, nayo ina vifaa vyake tayari. Pwani unaita "Paukwa!" na wanajibu "Pakawa!" Kwingine ni "Hadithi, hadithi!" na jibu ni "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Watoto wa mjini wanaweza kuwa hawajui jibu, lakini bibi aliyekaa nyuma yao analijua. Mwachie yeye afundishe. Mwite kwa heshima, "Bibi, watoto hawa wanajibuje?" Papo hapo umepata msaidizi, na wajukuu wanamtazama kwa macho mapya.

Chagua ngano ambayo mnyama au mtoto ndani yake anaimba: Sungura anapotaka kupita mtoni, msichana anapomwita ndugu yake. Wimbo huo urudi angalau mara nne, na tangu mara ya pili waimbe watoto. Mara ya tatu badilisha kitu, imba taratibu au kwa hofu, waone kwamba wimbo umefuata hadithi. Mara ya nne nyamaza kabisa uwaachie. Wakiuimba bila wewe, onyesho lako limesimama. Hadithi isizidi wahusika watatu, na ufisi wa Fisi usionyeshwe kwa kumfukuzia mtoto mdogo hadi alie.

Vitendawili viweke pale kamba ya zeze inapolegea na unahitaji muda wa kuikaza. "Kitendawili!" "Tega!" Mwenzako anatega viwili, wewe unarekebisha, hakuna pengo.

## Hatua ya 4: Fanya mazoezi mbele ya watoto wa mtaani kwenu

Mazoezi ya ukumbini bila watoto hayatakuambia chochote. Waombe wazazi wa jirani watoto kama kumi, Jumamosi asubuhi, uani kwako, mzazi mmoja au wawili wakiwepo. Weka simu irekodi nyuso za watoto. Usijirekodi wewe. Video hiyo ibaki ya mazoezi, na uifute ukimaliza kujifunza.

Itazame huku umeshika daftari. Kila mahali ambapo watoto watatu wamegeuza shingo, andika dakika. Mara nyingi utakuta ulikuwa unaeleza. Kata maelezo. Maelezo ya ala yasizidi sentensi nne kabla ya sauti kusikika.

## Hatua ya 5: Tafuta mialiko kwa kalenda

Usizunguke na ngoma ukibisha hodi ovyo. Kazi ya watoto ina misimu. Siku ya Mtoto wa Afrika ni tarehe 16 Juni, na mashirika mengi hutafuta burudani mwezi mmoja kabla. Siku ya Kiswahili Duniani ni 7 Julai. Mahafali ya darasa la saba huja karibu na mtihani wa taifa, na ya chekechea yanajaa mwishoni mwa mwaka. Sikukuu za Idd na Krismasi zina sherehe za familia. Januari shule zinapofunguliwa hakuna mwenye hela wala muda, kwa hiyo tumia mwezi huo kutengeneza kayamba.

Sehemu zenye hadhira ya familia zipo pia: Kijiji cha Makumbusho na Nafasi Art Space jijini Dar es Salaam, na tamasha la kila mwaka la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nenda kwanza ukiwa mtazamaji, umjue mratibu, ndipo uandike.

Barua iwe fupi. Mfano:

"Mwalimu Mkuu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha watu watatu, tumesajiliwa BASATA. Tuna onyesho la dakika 45 la nyimbo, hadithi na ala za asili kwa darasa la kwanza hadi la nne. Watoto wanaimba na kupiga ala wenyewe. Tunahitaji kivuli, viti vitatu na walimu wawili wa kukaa pamoja na watoto. Tunaomba nafasi ya kuja kuongea nawe siku ya Jumanne au Alhamisi."

Kama ni shule ya serikali, uwe tayari kuulizwa barua ya afisa elimu. Iombe mapema, maana kuifuatilia kunachukua siku. Ambatanisha video ya dakika mbili inayoonyesha mnavyoimba na watu wakiitikia. Kama ina sura za watoto, wazazi wao wawe wamekubali kwa maandishi.

## Hatua ya 6: Weka bei kwa hesabu

Bei ya kubahatisha ndiyo inayoua vikundi. Kaa chini uandike. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu watatu, siku moja yenye vipindi viwili:

- Posho ya wasanii: 3 × 50,000 = 150,000
- Usafiri wa watu na ala: 40,000
- Chakula na maji: 15,000
- Akiba ya ngozi, nyuzi na kayamba zilizovunjika: 20,000
- Maandalizi, simu na nyaraka: 25,000

Jumla ni shilingi 250,000. Shule ikileta watoto 125 kwa kila kipindi, ni shilingi 1,000 kwa mtoto. Mwambie mwalimu mkuu kwa namna hiyo, kwa sababu ndivyo atakavyowaeleza wazazi. Tarakimu hizi ni mfano, weka za mji wako, lakini mstari wa akiba usiufute kamwe. Ngozi ya ngoma ikipasuka haitakuuliza kama ulilipwa.

Chukua nusu kabla, kwa benki au kwa simu, na uandike nani anabeba hasara mvua ikinyesha. Ninapendekeza hivi: mkishafika eneo la tukio, malipo ni kamili, mkijulishwa siku mbili kabla, mnahamisha tarehe bila gharama.

Kuhusu kupiga bure ili mjulikane: jibu langu ni hapana, isipokuwa mmechagua wenyewe, kwa mfano kituo cha watoto yatima au wodi ya watoto. Hata hapo toa ankara yenye bei kamili na uandike chini yake kwamba mmesamehe. Anayeipokea ajue kazi hiyo ina thamani gani.

## Hatua ya 7: Tayarisha mahali

Fika dakika 90 kabla. Muda huu una kazi zake.

Jua na upepo. Watoto wakae jua likiwa mgongoni mwao. Wewe ndiye ulitazame. Mtoto anayekunja macho haangalii. Wageuze pia walipe mgongo lango na jiko la shule.

Mkao. Nusu duara, safu zisizidi sita, wadogo mbele. Chora mstari kwa chaki mita mbili kutoka kwenye ala: huu ni mto, hauvukwi bila kuitwa. Mtoto mwenye kiti cha magurudumu akae mbele pembeni, ambako anaweza kuingia kucheza bila kuzuiwa. Mtoto asiyesikia mkae naye karibu na ngoma kubwa, aweke kiganja ubavuni mwake wakati wa onyesho. Anaupata mdundo wote.

Wakubwa. Ondoa viti vya nyuma. Walimu na wazazi wakae mkekani, katikati ya watoto. Mzazi akikaa nyuma atatoa simu, na mtoto atageuka kumtazama. Hatua hii inapingwa sana, hasa na wageni rasmi. Wazee wasioweza kukaa chini wape viti pembeni mwa nusu duara. Wengine wote chini.

Ngoma. Unyevunyevu wa pwani unalegeza ngozi. Ianike juani nusu saa, ukiigeuza. Kama hakuna jua, ipashe kwa moto wa makaa nyuma ya jengo, mbali na watoto. Weka kiganja chako palipo na ngozi: kama kiganja hakivumilii joto, na ngozi haivumilii.

Usalama wa ala za kugawa. Tikisa na kuvuta kila kayamba na kila nyanga. Ufa wowote, itoe kapuni. Mbegu ikimwagika, mtoto wa chini ya miaka mitatu ataitia mdomoni na inaweza kumkaba. Hapa nasisitiza: usitengeneze ala za watoto kwa zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, turituri. Zinapendeza na zinalia vizuri, lakini ikitafunwa moja ni sumu kali. Tumia mahindi, choroko au mchele. Njuga usizigawe kwa wadogo, na filimbi moja isipitishwe mdomo kwa mdomo.

Watoto wachanga wasikae mbele ya ngoma wala spika. Mwombe mama asogee pembeni, umwambie kwa upole kwamba ni kwa ajili ya masikio ya mtoto.

## Hatua ya 8: Dakika nne za kwanza

Onyesho linashinda au linashindwa hapa, kwa hiyo zifanyie mazoezi zaidi ya wimbo wowote.

Usianze kwa utambulisho. Mkubaliane na mwalimu kwamba hotuba zitakuja mwisho. Watoto wakae, pawe na kimya kidogo, kisha njuga isikike kutoka nyuma ya jengo. Sauti bila mtu. Watageuka wote. Ingia polepole ukiimba kibwagizo cha wimbo wa kwanza, ukienda kwa mdundo wa miguu yako, usiseme neno mpaka ufike mbele.

Ukifika, fundisha ishara ya kunyamaza mara moja, kama mchezo. Mkono ukiwa juu, makofi yanalia. Mkono ukishuka, kimya. Pandisha, shusha. Pandisha nusu, watacheka. Rudia mara tatu nne. Watakuwa wanaona ni mchezo, nawe utakuwa umepata usukani wa dakika zote 41 zilizobaki. Kikundi kisicho na ishara hii huishia kupaza sauti juu ya watoto, na watoto hupaza zaidi.

Kwa sababu hiyohiyo siupendi ule mtindo wa "Hamjambo? Sijasikia! Hamjambooo?" Unawafundisha watoto kwamba kupiga kelele ndiko kushiriki. Kama unataka salamu, iimbe kwa sauti ya chini uwafanye waegemee mbele kukusikia.

Kufundisha kibwagizo: kiimbe chote mara moja wao wakisikiliza. Kisha kipande kwa kipande, wakirudia. Kisha chote pamoja. Wakikosea neno, usisimamishe. Kiimbe tena kwa usahihi, watakifuata. Ngoma iingie baada ya sauti kushika, isitangulie, maana ngoma inafunika maneno wasiyoyajua bado.

Dalili kwamba umewashika: kufikia dakika ya nne miguu inatikisika, na angalau mzazi mmoja anaimba.

## Hatua ya 9: Mambo yakienda kombo

Mtoto analia. Punguza ngoma, usimtazame moja kwa moja, usimwite jina. Mara nyingi ni kishindo kimemshtua. Mzazi ampeleke pembeni, mlango wa kurudi uwe wazi.

Mtoto anakimbilia ala. Mpe kazi sekunde hiyohiyo: "Nishikie kijiti hiki, nikikuomba nipe." Atakaa.

Mwalimu anainua fimbo. Shusha mkono wako kwa ishara ya kimya, mwite mwalimu mbele kwa heshima aje apige kayamba. Watoto watashangilia, na fimbo itabaki chini. Jambo hili linanigusa. Mtoto aliyechapwa katikati ya wimbo atauchukia wimbo, na wakati mwingine atachukia ala zote za kwao.

Watoto wakubwa wanadhihaki wimbo wa kabila. Usiwagombeze. Wape mdundo wa chini wa ngoma, ule mgumu, wajaribu. Dhihaka inaisha mikono inapokosea.

Mtoto anaona haya. Usimvute mbele, hata kama mzazi wake anasisitiza. Mwache aitikie alipo.

Umeme umekatika au mvua imekuja. Sogeza watoto karibu hadi mita moja, acha ngoma, chukua ilimba, rudi kwenye hadithi. Weka hadithi moja ya akiba kwa ajili hiyo tu.

## Hatua ya 10: Baada ya onyesho

Kusanya ala kwa wimbo wa kukusanyia, kila mtoto akileta yake kapuni kwa mdundo. Hesabu kabla hamjaondoka. Hotuba za wageni zije hapa.

Mwachie mwalimu karatasi moja: maneno ya vibwagizo vitatu, maana yake, na namna ya kutengeneza kayamba kwa chupa ya maji na choroko. Karatasi hiyo itawaimbisha watoto wiki nzima, na kila wakiimba, jina lako linatajwa.

Picha: usipandishe mtandaoni sura ya mtoto bila ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hata bila sheria, huyo ni mtoto wa mtu. Piga picha kutoka nyuma, au piga mikono na ala.

Usiku huohuo andika daftarini: wimbo gani ulishika, dakika gani walitawanyika, jina la mwalimu aliyesaidia. Baada ya wiki, mpigie mwalimu huyo, usianze na habari ya kazi nyingine. Muulize watoto wanaimba nini.

Wanaouliza kama mtu anaweza kuishi kwa kazi hii wamwangalie Ella Jenkins wa Chicago, Marekani. Alizaliwa 1924, akafariki 2024, na miongo mingi ya maisha yake ilikuwa ni kuimba na watoto kwa kupokezana: yeye anaita, wao wanaitikia. Mwaka 2004 alipewa Grammy ya heshima ya maisha. Alitumia hata salamu ya Kiswahili katika nyimbo zake za watoto. Sisi tuna paukwa, vitendawili na ngano zenye nyimbo, mali ambayo yeye alilazimika kuisaka nchi za watu.

Lakini jilinde ili udumu. Vipindi viwili kwa siku vinatosha koo. Kunywa maji kabla, wakati na baada, na siku inayofuata onyesho usipange kuimba. Mpiga ngoma apumzishe viganja vikianza kupasuka, asisubiri vidonda.

Shule ikikuita tena, badilisha nyimbo tatu na hadithi, ila kuingia kwa njuga na wimbo wa kuaga uviache vilevile. Watoto watakuwa wanavingoja, na ukiviondoa watakuuliza viko wapi kabla hujaketi.